Boksi la Maji la Darasa la Nne

Nyie walimu vijana mkisikia mtu alikuwa anatengeneza zana za kufundishia, mnafikiri alikuwa mtu wa mkasi, gundi na karatasi za manila. Ni kweli, gundi nimeishika sana, na vidole vyangu bado vina kovu la mkasi. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya wasiwasi kuliko ya gundi, na hakuna aliyenitahadharisha mapema. Ndiyo maana nawaambia nyie.

Miaka yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa kwenye kituo cha walimu upande wa Temeke. Kituo ni jina kubwa. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya shule ya msingi, kina meza ndefu, makabati ambayo milango yake haikufunga sawasawa, na feni iliyokuwa inazunguka siku ikijisikia. Walimu wa shule za jirani, mpaka wa kule Chamazi, walikuja kuazima zana au kujifunza kuzitengeneza kwa vitu wanavyovipata mtaani kwao. Mwenye chumba nilikuwa mie. Waliniita Mama Zana, na jina limeniganda mpaka huku Tabata ninakoishi. Watoto wa jirani wanajua ndilo nililopewa na wazazi.

Vifaa tulivitafuta wenyewe. Visoda vya kuhesabia, vile vifuniko vya chupa za soda na bia, vinapatikana kwa wingi mahali pamoja tu. Siku moja mchana nimevaa baibui langu, nimeshika kiroba, nikaingia baa moja hapa Tabata nikamwuliza kijana wa kaunta, "Mwanangu, visoda vya jana mmevitupa wapi?"

Kijana akaacha kufuta glasi. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naomba ukae pale nje, nitakuletea mwenyewe. Wateja wakikuona humu watadhani umemfuata mtu."

Nilitoka na kiroba kimejaa. Jioni marehemu mume wangu akapita karibu nacho, akasimama, akanusa. "Mama Hadija, hiki kimetoka wapi?" Nikamjibu, "Hicho ni hisabati, darasa la kwanza." Alicheka mpaka akakaa chini. Ila na nyie mkivitumia, vichemsheni na sabuni, kisha kila kimoja mkigonge kingo kwa nyundo. Kisoda kisichogongwa kinakata kidole cha mtoto, na mtoto wa darasa la kwanza akishaona damu, kipindi kimekwisha.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mwalimu Mkude, Mluguru mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekishika chumba kile kabla yangu. Hakupenda zana za kutundikwa ukutani. Ukimletea picha nzuri ya moyo wa binadamu umeipaka rangi siku mbili, ataiangalia kwa heshima, kisha atakuuliza, "Mtoto ataifanyia nini kwa mikono yake?" Ukijibu hilo, anakuja na la pili: "Na kesho, kwenye somo lingine, ataifanyia nini?" Kama la pili huna, anakurudishia picha yako.

Nililielewa swali la pili mwaka ambao paa lilivuja. Tulikuwa na boksi la maharage ya kuhesabia. Mvua zikaingia kabatini tusijue, na tulipolifungua boksi baada ya likizo maharage yote yameota, yamesukumana, mengine yameshatoa majani. Mie nikataka kulia. Mwalimu Mkude akalibeba boksi lile vilevile mpaka darasa la tatu akalitua mezani. Watoto wakapima urefu wa miche kwa rula, hiyo hisabati. Wakachora mizizi, hiyo sayansi. Wakaandika habari ya boksi lililoota, hicho Kiswahili. Siku ile ndipo wazo la maboksi yetu lilipoanzia. Boksi moja, jambo moja, masomo yote. Tukawa na Boksi la Duka, Boksi la Safari, na mwishoni, Mwalimu Mkude ameshastaafu na mie nimebaki peke yangu, Boksi la Maji.

Hilo la maji ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Ndani yake mlikuwa na chupa tupu za saizi mbalimbali, vikombe vya kupimia, pamba, kitambaa cheupe, kiroba cha mchanga uliooshwa, kokoto, mkaa uliopondwa, na kadi ngumu nilizoandika kwa mkono wangu. Kadi ya hisabati iliwataka watoto wakadirie kwanza chupa ipi itajaza ipi, ndipo wapime. Ya maarifa ya jamii iliwataka wachore ramani ya mahali nyumba yao inapopata maji, iwe bomba, kisima au mwenye guta anayepitisha madumu. Ya Kiswahili iliwataka wamhoji mtu anayeteka maji, kisha waeleze mbele ya wenzao alichosema. Ya sayansi ilikuwa ya chujio. Unakata kitako cha chupa, unaigeuza juu chini, unaweka pamba mdomoni, juu yake mkaa, mchanga, kokoto. Unamimina maji ya matope juu, yanatoka chini yanang'aa. Mwishoni mwa kadi hiyo, kwa kalamu nyekundu, niliandika kwamba maji yaliyochujwa bado si ya kunywa mpaka yachemshwe.

Mwalimu aliyelipenda boksi hili kuliko wote aliitwa Neema. Alitoka Njombe, amepangiwa shule moja ya Chamazi, ndiyo kwanza anaanza kazi. Darasa lake la nne lilikuwa limejaa mpaka watoto wa mbele walikuwa wanagusana magoti na ubao. Siku ya kwanza kuja kituoni alikaa kwenye benchi ameshika mkoba kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Mama, shikamoo. Nimeambiwa una kitu cha kunisaidia."

"Marahaba. Kukusaidia nini, mwanangu?"

"Wanaimba tu. Nikisema sentensi, wanairudia wote kwa sauti. Nikimsimamisha mmoja nikamwuliza maana yake, hana."

Nikamwambia hiyo si shida ya darasa lake peke yake, nikampa boksi. Nikaahidi kwenda kumwona akilitumia, maana kumpa mwalimu boksi bila kwenda kumwona ni kumtupia mzigo.

Kipindi kile sitakisahau. Tulitoka nje, watoto wakagawanywa makundi chini ya kivuli cha ukuta, kila kundi na chupa yake. Maji tulichota kwenye dimbwi nyuma ya vyoo vya walimu, rangi ya chai ya maziwa. Kelele zilikuwa nyingi lakini zilikuwa kelele za kazi. Kundi moja lilikuwa na msichana mdogo wa mwili, kichwa kimefungwa kitambaa cha kijani cha sare, anaitwa Zulfa. Neema alikuwa ameshaniambia kwamba tangu mwaka uanze hajamsikia akijibu swali hata moja. Siku hiyo Zulfa alikuwa anawaelekeza wenzake. Aliwazuia wasimimine kwa haraka. "Taratibu," alikuwa anasema, "ukiharakisha mchanga unatoboka." Maji ya kundi lake ndiyo yaliyotoka meupe kuliko yote. Aliinua kile kikombe akakitazama juani kwa muda, na sie wawili tukamtazama yeye.

Mwisho wa kipindi Neema aliwakusanya. "Haya maji yamechujwa. Je, ni salama kunywa?"

"Hapana, Madam."

"Mpaka tuyafanye nini?"

"Tuyachemshe, Madam."

Wakasema wote, kwa sauti moja, na Zulfa akiwemo. Tukamwaga yale maji. Nilirudi nyumbani nimefurahi sana.

Mwisho wa wiki ile mvua ilinyesha mfululizo. Mnaijua Chamazi mvua ikinyesha hivyo. Barabara inageuka mto, visima vifupi vinafurika, choo na kisima vinasalimiana. Na mwezi ule watu walikuwa tayari wanaongea juu ya kipindupindu. Hakuna aliyekuwa na uhakika kimeingia au hakijaingia, ndiyo maana waliongea zaidi.

Jumatatu asubuhi, sijamaliza chai, Neema akanipigia simu. Alisahau hata kunisalimia.

"Mama, Zulfa hajaja shule. Mdogo wake amelazwa tangu jana. Anahara na kutapika." Akashusha sauti. "Wanasema alikunywa maji ya chujio."

"Chujio gani? Si tuliyamwaga?"

"Alitengeneza lingine nyumbani."

Nilikaa na kikombe mkononi. Kwanza nilimwona yule mtoto ninayemjua, ameinua kikombe juani. Kisha nikamfikiria huyo mdogo wake, ambaye sikuwahi kumwona, nikaitua chai nikatafuta viatu vyangu.

Nilipofika shuleni, wazazi walikuwa wamejaa getini. Habari mpaka imefika pale ilikuwa imeshabadilika, kwamba walimu wamewanywesha watoto maji ya dimbwi la choo. Mama mmoja alinishika mkono, hakuwa na hasira, alikuwa na hofu tu. "Mwalimu, wangu naye aliyashika hayo maji. Amekula vizuri, amelala vizuri. Nimpeleke hospitali au nimwache?" Nikamwambia amtazame, akihara au kutapika asisubiri. Nilijibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na sikuwa nao.

Mwalimu Mkuu, baba mpole mwenye presha, alikuwa ofisini kwake ameweka sakafuni nyuma ya kiti maboksi yetu yote ambayo shule yake ilikuwa imeyaazima. "Mama Zana, nakuheshimu," aliniambia. "Haya yanafungiwa. Na wewe na Neema msiende popote wala msiongee na mtu. Kata wameshanipigia. Kama ni kipindupindu, hapa tumekwisha wote."

"Mtoto hali yake ikoje?"

"Sijui."

"Kuna aliyekwenda kumwona?"

Alifungua droo, akameza kidonge bila maji.

Neema nilimkuta kwenye darasa tupu, amejiinamia. Watoto walikuwa wamerudishwa nyumbani. Aliongea bila kuinua kichwa. "Mama, mie kazi hii naacha. Wasipoelewa nateseka, wakielewa ndiyo hivi."

Nimewahi kuwa na majibu mazuri ya kuwapa walimu wanaotaka kuacha. Siku ile niliyaacha yote. Nilimwambia tu, "Inuka, twende tukamwone mtoto." Akaniuliza itakuwaje na Mkuu amekataza. Nikamwambia mie nakaribia kustaafu, atanikemea mie kwanza. Tukatoka kwa mlango wa nyuma, tukipita kwenye matope.

Kituo cha afya kilikuwa kimetenga chumba kimoja pembeni. Mlangoni kuna beseni la dawa ya kukanyagia na ndoo ya kunawia, harufu ya klorini unaisikia kutoka mbali. Nesi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alituambia ndani haingii mtu zaidi ya mama. Kwa dirishani tuliona kitanda, chupa ya maji ya mshipa imening'inia, na mguu mdogo sana umetoka kwenye kanga. Huyo ndiye Abuu, mdogo wake Zulfa. Alikuwa hajaanza hata chekechea.

Zulfa alikuwa nje, kwenye benchi la saruji, amevaa sare ingawa shuleni hakufika. Alipotuona alisimama akasema, "Shikamooni." Neema akachuchumaa mbele yake. Nilidhani atamwuliza kwa nini. Akamshika tu mikono.

"Madam," Zulfa alisema, "nilichuja mara mbili. Mara ya kwanza yalitoka na rangi kidogo. Ya pili yakawa meupe kabisa."

"Mkaa uliupata wapi, mwanangu?" niliuliza mie.

"Wa nyumbani. Mama aliniachia wa kuchemshia maji."

Neema alifumba macho. "Lakini tulisema tuchemshe, Zulfa. Si ulisema na wenzako?"

"Nilisema." Aliangalia miguu yake. "Ila mkaa ulikuwa kidogo. Nikaona nikiuwasha jikoni utaisha, na kwenye chupa hauishi."

Hebu nisimame hapo kidogo, maana hapo ndipo ninapotaka mpafikirie. Yule mtoto hakuwa mzembe. Alikuwa amepima, amelinganisha, amekadiria, ameamua. Kila stadi tuliyoiandika kwenye kadi zetu aliitumia, na aliitumia vizuri, kwa tatizo la kweli la nyumba yao. Nyumba ile siku zote walichemsha maji. Siku aliyojifunza kutoka kwetu ndiyo siku waliyoacha.

Mama yao alitoka baadaye. Alikuwa mwembamba, mwuza vitumbua, mikono ina alama za mafuta ya moto. Tukajitambulisha. Aliisikiliza salamu yetu mpaka mwisho, akaitikia, kisha akakaa upande wa pili wa benchi, Zulfa akiwa katikati yetu. Hakutukana. Ingekuwa rahisi zaidi kama angetutukana. Neema alianza kusema, "Mama Zulfa, mie ndiye mwalimu wake..." Akamkatiza kwa upole, "Najua. Anakutaja kila siku."

Baada ya hapo tulikaa. Kuna kipimo kilikuwa kimepelekwa, tukaambiwa tusubiri majibu. Mgonjwa mwingine aliletwa amebebwa mgongoni, kisha mwingine, wote wa mtaa uleule. Kila mlango ulipofunguliwa sie wote tuligeuka. Neema alikuwa anasali kimyakimya, midomo ikitembea. Mie nilikuwa na tasbihi ndani ya mkoba, nikiihesabu kwa kidole bila kuitoa. Mama Zulfa hakufanya lolote. Aliangalia ule mlango tu. Nimekaa kwenye mitihani mingi ya taifa nikisubiri matokeo ya watoto, na nawaambia, sikuwahi kusubiri hivyo.

Mchana ulipogeuka, tabibu kijana alikuja akatuambia kipindupindu hakikuonekana. Ni kuhara, na mtoto alikuwa amekaukiwa na maji mwilini, lakini amefika mapema na anaendelea kupata nguvu. Neema alimwuliza lile swali lililokuwa kooni kwetu sote. Je, yalikuwa yale maji ya chujio?

"Mwalimu, mtaa mzima wanakuja hapa tangu mvua zianze," alisema tabibu. "Inaweza kuwa yale maji. Inaweza kuwa kikombe, mkono, chakula. Siwezi kukuambia."

Mpaka leo hakuna aliyetuambia. Nimestaafu nalo.

Abuu alitoka kituoni siku chache baadaye akidai uji. Lakini mambo hayakuisha hapo. Zulfa aliporudi shule, watoto walikuwa wamempa jina, Mama Kipindupindu, na walisogeza madawati. Akarudi kwenye kimya chake cha zamani, na safari hii kilikuwa kimya cha mtu anayejua sababu. Neema alimhamishia dawati la mbele, akawa anakunywa naye uji wa mapumziko benchi moja, mbele ya wote, kikombe kimoja wakipokezana. Jina likaanza kufifia. Hilo hakuna kadi yangu iliyomwelekeza, alilibuni mwenyewe.

Ndipo Mkuu akaitisha kikao cha wazazi. Nilikwenda nikijua kinachokuja. Baba mmoja alisimama akasema shule ifundishe kwa vitabu, majaribio waachiwe wa sekondari. Wengi wakaitikia. Mkuu alikuwa anaandika, na nilimwona kwamba ameshaamua. Maboksi yangerudi kabatini kwangu na yasingetoka tena. Kisha Mama Zulfa akainua mkono kutoka nyuma. Vichwa vyote vikageuka, kwa sababu kila mtu alijua ni yeye.

"Mie sijasoma sana," alisema. "Mwanangu alikuwa haongei. Wiki ile alikuja nyumbani akanieleza maji yanavyopita kwenye mchanga, akaongea mpaka vitumbua vikaniungulia. Mmemfundisha, nimeona kwa macho yangu." Akamtazama Mkuu. "Ila mmemfundisha nusu. Na hiyo nusu ndiyo iliyoniponza. Sasa msije mkaiacha hapohapo eti mmeogopa. Malizieni."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akasema, "Mwalimu Neema, umesikia."

Tulijiandaa kwa wiki nzima. Sie tulikuwa tumeweka kuchemsha kwenye mdomo wa mtoto, kama wimbo, na mkaa tumeuweka mkononi mwake. Mtoto ataamini mkono. Kwa hiyo safari hii kila neno lilitafutiwa kitu cha kufanywa. Lile onyo la kalamu nyekundu nililitoa mwisho wa kadi nikaligeuza kuwa kazi yenyewe: weka maji yaliyochujwa jikoni, angalia yanaanza kutokota lini, tokosa, funika, acha yapoe, eleza kwa mzazi. Neema alikwenda mwenyewe kumwomba yule nesi mwenye miwani aje. Akakubali, akasema ataleta na vidonge vya kutibu maji.

Siku ilipofika, jiko liliwashwa uwanjani. Wazazi walikuja zaidi ya tulivyotarajia, wakasimama pembeni wamekunja mikono. Nilikuwa nimeosha kila kikombe mwenyewe, kisha nikaviosha tena. Watoto walichuja, wakaandika rangi ya maji kabla na baada. Wakachemsha wakitazama saa ya Mkuu, ambayo aliivua akawapa bila kuombwa. Nesi akaweka matone ya maji yaliyochujwa kwenye kipande cha kioo akawaeleza kwamba macho hayawezi kuona kilichobaki humo, hata maji yawe meupe namna gani. Hakuna aliyeimba.

Kisha Neema akauliza kama kuna mwenye swali. Zulfa akasimama. Hakunyoosha mkono, alisimama tu.

"Madam, na nyumba ambayo mkaa umeisha?"

Nilimwangalia Neema. Mwalimu mwingine angesema waazime kwa jirani, swali lingine. Yeye alisimama na chaki mkononi, uso umemshuka, akasema, "Zulfa, sijui vizuri. Tumwulize nesi, na asipojua tutatafuta wote." Nesi akatoa vile vidonge, akaonyesha kimoja kinatosha dumu gani na unasubiri muda gani kabla ya kunywa. Akasema bila kuficha kwamba kuna siku vinakosekana hata kituoni kwake. Wazazi walianza kuuliza nao, mmoja baada ya mwingine, na yule baba aliyetaka vitabu tu ndiye aliyeuliza zaidi. Somo likatutoka mikononi, likawa la kwao.

Mpaka maji yakapoa tulikuwa bado hapo. Mama Zulfa alikuwa amemleta Abuu, amemshika kiunoni, mtoto amenyong'onyea kidogo bado, macho makubwa. Neema akauliza nani atakuwa wa kwanza kuyanywa. Watoto wakatazamana. Hakuna aliyesogea, na wazazi nao hawakusogea. Nilitaka kwenda mie, nikaona miguu mingine midogo imeshaanza kutembea.

Zulfa alichota kikombe. Akakinusa, akakinyanyua kama alivyofanya siku ile, lakini safari hii hakukitazama juani, alimtazama nesi. Nesi akaitikia kwa kichwa. Abuu alikuwa ameshanyoosha mkono, anakitaka. Zulfa akamwambia, "Subiri kwanza." Akanywa yeye, nusu ya kikombe, taratibu, mbele ya uwanja mzima. Akasimama kidogo, kama anayesikiliza tumbo lake. Kisha akachuchumaa, akamshikia mdogo wake kikombe mdomoni, na mkono mwingine akamwekea chini ya kidevu ili yasimwagike.